Kabini ya Chini, Karibu na Injini

Kamba ya mwisho ilikuwa imeshaachiwa, na meli inajitenga na gati polepole, kama mgeni aliyeaga lakini bado ana maneno mlangoni. Ukiwa juu huhisi kama inatembea. Unaona tu ule mwanya wa maji kati ya chuma na saruji. Mwanzo hata mtoto angeuruka, halafu mtu mzima mwenye miguu mirefu, halafu hakuna.

Mwanya ulipofika hapo pa hakuna, Wakala alikuwa kwenye korido ya sitaha ya saba, anajaribu kufungua mlango kwa kadi, na mlango unamkatalia. Anaingiza, taa nyekundu. Anaifuta kadi kwenye gauni, anaingiza tena, taa nyekundu.

"Mama, labda umeishika kichwa chini," alisema binti yake, ambaye kwa jina la nyumbani aliitwa Chiriku, kwa kuwa tangu ajue kusema hajapumzika.

"Nauza kabini tangu hujazaliwa. Siwezi kushika kadi kichwa chini."

"Haya. Basi mlango ndio uko kichwa chini."

Mlango ukafunguliwa kutoka ndani. Alisimama msichana wa miaka kumi na saba, mrefu, mwenye macho ya baba yake, yale yale ya kukutazama kama anayekupima namba ya lenzi. Huyo ndiye Mkubwa. Nyuma yake mdogo wake, Kitinda, alikuwa anarukaruka kitandani na viatu vyake. Wote wawili walikuwa wamevaa mkononi bangili ya plastiki, ya bluu.

"Shikamoo aunti," alisema Mkubwa. "Wewe ndiye wa ofisini, si ndiyo?"

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo, ndiye mimi." Wakala alitabasamu. Alikuwa amelifanyia mazoezi tabasamu hilo wiki nzima.

"Baba alisema utakuja. Alisema kampuni imekutuma utuangalizie mambo safarini." Msichana alitazama masanduku yao, kisha akatazama pembeni kwa aibu isiyokuwa yake. "Ila chumba chenu hakiko huku, aunti. Kiko chini. Chini kabisa, nafikiri."

Wakala aligeuza bahasha ya kadi. Hakuwa ameisoma, kwa sababu kabini aliziweka yeye mwenyewe. Iliandikwa sitaha ya pili.

"Hiyo bangili mmepata wapi?" aliuliza Chiriku.

"Kule tulikoingilia. Si ile ofa ya familia zenye vijana? Intaneti, soda bila kikomo, klabu ya vijana, ukumbi wa michezo. Wewe hukupewa?"

Chiriku, kwa mara ya kwanza tangu ajue kusema, hakujibu.

Hapa lazima mambo ya kabini yaeleweke, maana ndiyo yaliyoibomoa nyumba kabla haijajengwa. Kampuni za meli hazitaki watoto walale peke yao. Kabini ya vijana lazima iandikishwe na mtu mzima ndani, au iwe na mlango wa kupitia kwenye kabini ya wazazi. Lakini kijana gani wa miaka kumi na tano anataka kulala kitanda cha juu huku mama yake anakoroma cha chini? Kwa hiyo mawakala wana njia yao, na kampuni zinaijua na zinafumba macho. Wakati wa kuandikisha unawagawa watu wazima kwenye kabini. Mkishapanda mnaomba kadi za ziada mapokezi, na kila mtu analala anapopenda. Wakala alikuwa amezigawia familia nyingi namna hiyo. Safari hii aliigawia yake.

Alichukua kabini tatu mfululizo, sitaha ya saba. Ya kwanza, ya Bwana Miwani peke yake. Ya mwisho, ya Bibi, mama mzazi wa marehemu mke wa Bwana Miwani, ambaye ndiye aliyewalea wale wasichana tangu msiba. Ya kati, yenye vitanda vinne, alijiandikisha yeye pamoja na wasichana wote watatu, wawili wa Bwana Miwani na mmoja wake. Hayo ndiyo ya kwenye kompyuta. Moyoni alikuwa na mpango mwingine. Wakishapanda angewaachia wasichana chumba chao wajuane, wachekeane, wagombanie kioo, na yeye angehamia kitanda cha pili chumbani kwa Bibi. Hakumwambia mtu. Alitaka alale chumba kimoja na yule mama, asubuhi amtilie chai, waanze hapo. Alikuwa amenunua mpaka gauni la kulalia la heshima, refu la kufagia sakafu.

"Umewaambia nyumbani?" alimuuliza Bwana Miwani wakati wa kuandikisha.

"Nimewaambia. Wamefurahi."

"Na mama mkwe?"

"Mama hana neno."

Akamuuliza tena siku nyingine, akajibiwa vile vile. Mwanamke akipenda huuliza mara mbili. Mara ya tatu huona aibu.

Walikuwa wamejuana miaka miwili. Wakala alianza kukosea namba za kabini kwenye ramani za meli. Akamwekea bwana harusi mmoja chumba chenye vitanda vya watoto, vya juu na chini, na aliporudi bwana harusi alikuja ofisini amenuna na mgongo unamuuma. Ndipo Wakala akakubali kwenda kupima macho. Duka la miwani lilikuwa mtaa ule ule, jirani na fundi viatu. Mwenye duka, mjane mpole mwenye mikono safi, alimkalisha kwenye kiti na kumwambia, "Soma mstari wa chini."

"Kuna mstari wa chini?" aliuliza Wakala.

Mwanaume alicheka mpaka akaegemea ukuta. Akamtengenezea miwani kwa mikono yake mwenyewe, na siku ya kumvalisha alichukua muda mrefu mno kuirekebisha nyuma ya masikio. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. Wakala akaona sura yake kwa mara ya kwanza bila ukungu, akajua amekwisha. Tangu siku ile alimwita Bwana Miwani, na yeye akamwita "macho yangu". Lakini alimwita hivyo dukani, pazia likiwa limeshushwa. Njiani walipokutana alimwita "dada".

Angalizingatia hilo mapema. Hakulizingatia.

Kabini ya sitaha ya pili haikuwa na dirisha. Ilikuwa ubavuni mwa injini, na ukuta ulitetemeka, na ukuta ulipotetemeka gilasi mbili za bafuni ziligongana bila kupumzika, tititititi, kama meno ya mtu mwenye homa. Ilinuka rangi mpya na mafuta ya mashine. Chiriku alikaa ukingoni mwa kitanda bila kufungua sanduku.

"Mama."

"Naam."

"Sisi ni nani kwa hawa watu?"

Nilijua nini cha kumwambia, alijiambia Wakala, asubuhi nilijua.

Mlango ukagongwa. Kwa kidole kimoja, taratibu. Aliijua hodi ile.

"Nenda kaangalie soda zinapatikana wapi," alimwambia binti yake.

"Bila bangili?"

"Nenda tu, Chiriku!"

Mtoto akatoka, akampita Bwana Miwani mlangoni bila kumwamkia. Mwanaume akaingia, akafunga mlango nyuma yake, halafu akajaribu kitasa kuhakikisha kweli umefungwa. Jambo dogo hilo lilimchoma Wakala kuliko kadi na bangili.

"Umekuja kuomba radhi," alisema. Hakuuliza, alisema, ili kumsaidia.

Bwana Miwani alifuta jasho. "Kuna tatizo huko juu. Wamekosea vyumba."

"Wamekosea?"

"Kile cha kwanza, changu, wamempa mtu mwingine. Nimekwenda kufungua, nimekuta bwana mmoja na taulo. Sasa mimi wameniweka..." Alikohoa. "Wameniweka na Mama."

"Mama yupi?"

"Mama mkwe. Chumba kimoja. Kitanda kimoja. Kikubwa." Alishusha sauti kama vile bwana wa taulo anasikiliza. "Wamekipamba. Kuna bata bukini wawili wa taulo wanabusiana, na maua yamemwagwa kitandani, na kikadi kimeandikwa, Hongereni Wazazi, Furahieni Muda Wenu. Mama ameingia, ameona, ameketi kwenye kiti na mkoba mapajani, hasemi. Tafadhali, macho yangu. Wewe unajua kuongea na hawa watu wa mapokezi."

Wakala alicheka. Hakikuwa kicheko cha furaha. Kilimtoka kama kikohozi, na kilipokwisha macho yalikuwa yamemwiva.

"Nani alipiga simu kampuni?"

"Simu gani?"

"Kabini haijihamishi yenyewe, bwana wee. Niliandikisha watu sita kwa pamoja. Mtu amepiga simu, amesema, hawa wawili watoeni, wawekeni mbali. Ukinitoa mimi, kile chumba cha wasichana hakina mtu mzima tena. Kampuni inafanya nini? Inatafuta wazazi wa kuwaweka mlango wa jirani. Inaona mwanaume mmoja, mwanamke mmoja. Basi, mume na mke. Wamekuozesha mama mkwe wako, na posa umepeleka mwenyewe kwa simu!"

"Punguza sauti."

"Nani alipiga simu?"

Gilasi ziligongana bafuni. Bwana Miwani alizitazama kama zingemjibia.

"Nilipiga mimi," alisema.

"Lini?"

"Wiki iliyopita. Ningefanyaje? Mama hakubali. Tangu mwanzo hakubali. Alisema yule mwanamke asilale korido moja na wajukuu zangu. Alisema hivyo hivyo. Yule mama amelea wanangu, nimvunjie heshima? Nikasema ngoja twende kwanza, wakuone, wakuzoee, wajue wewe ni mtu mzuri, halafu..."

"Uliniambia wamefurahi."

"Nilijua watafurahi."

"Uliniambia Mama hana neno!"

"Nilijua litakwisha."

"Kwa hiyo mimi nimekuja kama nani? Mtumishi wa kampuni? Mwanao ameniambia nimetumwa kuwaangalizia mambo. Mtoto wangu amesimama pale mlangoni, wenzake wana bangili, yeye mkono mtupu, anaangalia miguu yake. Unajua ile bangili kwa mtoto wa miaka kumi na tano ni nini? Ni kusema wewe ni wa hapa. Umemvua mtoto wangu kabla hajavaa."

"Bangili nitamtafutia."

"Hutafuti kitu! Inatolewa kwa familia."

Alisogea, akataka kumshika mkono. Kwa sekunde moja Wakala aliuacha mkono hapo hapo ulipo, kwa sababu mwili hauna akili ya haraka, na mwili wake ulikuwa umezoea vidole vile. Halafu akauvuta.

"Nitakuja mezani jioni," alisema. "Meza ya familia. Mbele ya Mama na mbele ya watoto, utasema mimi ni nani. Neno moja linatosha. Usiposema, basi."

"Usinifanyie hivyo."

"Toka. Nenda kalale na bata wako."

Meza ya familia ilikuwa duara, kubwa, karibu na dirisha, na bahari nje ilikuwa na rangi ya bati. Hiyo nayo ilikuwa sehemu ya ofa. Waliokuwa na vijana walipewa meza zao, na mhudumu wao, na kikadi chenye jina la familia katikati ya maua. Wakala na binti yake walipangiwa meza ya watu wawili nyuma ya nguzo, karibu na mlango wa jikoni, kila mhudumu anapopita unapigwa na joto la sufuria.

Wakala hakukaa. Alimshika Chiriku mkono, wakavuka ukumbi mzima. Alikuwa amevaa gauni la kijani, na alikuwa amevaa miwani yake. Kila hatua Bwana Miwani alikuwa anamtazama, na katika macho yake kulikuwa na mambo mawili yanapigana, mapenzi na hofu. Wakala, aliyekuwa anaona vizuri sana siku hizi, aliona lipi linashinda.

"Shikamoo, Mama," alimwambia Bibi.

Bibi alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, amefunga kitambaa cheusi kichwani. Alimtazama kutoka viatu kwenda juu, hakuruka mahali.

"Marahaba. Na huyu?"

"Binti yangu."

"Shikamoo, Bibi," alisema Chiriku.

"Marahaba. Mbona umekonda? Kaa ule."

Chiriku akakaa upesi kabla mtu hajabadili mawazo. Kitinda akamsogezea mkate. Wakala alibaki amesimama, amekamata mgongo wa kiti.

"Mama, nimekuja kwa adabu," alisema. "Nimesikia hutaki nilale korido moja na wajukuu zako. Ni haki yako. Nilitaka nisikie kwako mwenyewe, siyo kwa mtu."

Bibi aliweka kijiko chini. "Nani amesema?"

Kitinda akaacha kumega mkate.

"Nauliza, nani amesema nimesema?"

Wote walimtazama Bwana Miwani. Alikuwa anakunja kitambaa cha meza, anakikunjua, anakikunja.

"Huyu?" Bibi aligeuka kiti kizima. "Wewe baba, nilikwambia hivyo mimi? Nilikwambia, usiniletee mtu kwa mlango wa nyuma. Kama unaye, mlete mbele, nimwone, nimchukie nikiwa namjua. Hayo ndiyo niliyosema. Ukanijibu nini? Ukaniambia, hakuna mtu, Mama. Hakuna mtu! Na nguo zako nazifua mimi, zinanuka marashi ya kike tangu mwaka juzi. Ulidhani nadhani umeanza kujipulizia?"

Kitinda alicheka ndani ya gilasi, soda ikamtokea puani.

"Sisi tunajua zamani," alisema Mkubwa, bila kumtazama baba yake. "Ukienda dukani Jumapili hurudi na miwani yoyote. Unarudi unaimba."

"Mnajua?" Bwana Miwani alikuwa amepauka.

"Baba, hata fundi viatu anajua."

Wakala akazikumbuka siku zote alizolala akimwogopa mama huyu. Gauni lile refu la kulalia. Na kumbe hapakuwa na ukuta wowote. Ukuta alikuwa yeye, mwanaume, amesimama katikati ya mlango uliokuwa wazi, anawaambia wa ndani hakuna mtu nje, na wa nje hawatakiwi ndani.

"Mama yangu, nakuomba radhi kwa kukuchukia bure," alimwambia Bibi.

"Usiniombe. Mimi sikupendi bado. Mwanangu alikufa, na wewe umevaa gauni la kijani umependeza. Nipe muda." Bibi alikaza kitambaa kichwani. "Lakini sikukuficha. Asinibebeshe mimi woga wake. Sema, baba. Huyu mwanamke ni nani? Watoto wako hapa, mimi niko hapa, yeye huyo kasimama. Sema tule, chakula kinapoa."

Ndipo hapo. Hakuna mtu angeweza kumlainishia njia zaidi ya hivyo. Mhudumu alikuwa amefika na sahani, akasimama nazo hewani. Meza ya jirani iliacha kutafuna. Bwana Miwani aliinua uso, akamtazama Wakala, na Wakala akamwona yule mwanaume wa siku ya kwanza aliyeegemea ukuta akicheka, akamwomba kwa macho, sema, hata kwa sauti ndogo, sema nitakusamehe kabini na bangili na yote.

"Huyu," alisema Bwana Miwani, "ni... ni rafiki wa familia. Amekuwa msaada mkubwa. Kwa mambo ya safari."

Bibi alifumba macho.

Wakala alikiachia kiti. "Chiriku, baki ule," alisema, na sauti yake ikatoka ya kawaida kabisa, ile ya ofisini, ya kumwambia mteja kwamba kabini za roshani zimekwisha. "Ahsante, Mama. Ahsanteni wote. Nawatakia safari njema."

Bwana Miwani alimfuata chakula kilipokwisha. Alimkuta kwenye korido ya sitaha ya pili, mbele ya mlango wake, ndiyo kwanza anarudi toka kupunga upepo juu, kadi mkononi. Injini ilikuwa inanguruma hivi kwamba ilibidi wasogeleane ndipo wasikizane.

"Nisikilize. Nakupenda," alisema Bwana Miwani. "Unajua nakupenda. Naapa. Nilishikwa na kitu kooni."

"Ni kooni tu au mpaka miguuni?"

"Wote wale wananitazama, yule mhudumu, watu wa meza ile... Ningeomba tu muda. Nakupenda, macho yangu. Zaidi ya chochote."

"Hapa unaweza kusema."

"Nasema! Nasema hapa, nakupenda."

"Kwa kuwa hapa kuna injini."

Alimshika mkono wa kulia kwa mikono yake miwili, akauweka kifuani, na moyo wake ulikuwa unagonga kama zile gilasi. Alikuwa analia. Wakala naye alitaka kulia, na zaidi ya kulia alitaka kuweka kichwa pale begani alipopazoea na kuacha meli iende itakako. Alimpenda. Hilo halikuwa limebadilika hata kidogo, na ndilo lililomtia hasira kuliko yote.

"Nipe mwezi mmoja," alimnong'oneza. "Mwezi mmoja tu, nitaiambia dunia nzima."

Wakala alikuwa amefungua mdomo kusema ndiyo. Hakumwambia mtu hilo maishani mwake, lakini neno lilikuwa limeshafika mdomoni.

Ngazini vikasikika vishindo na vicheko. Wasichana watatu walikuwa wanashuka mbio, Chiriku mbele, anapiga kelele kwamba Bibi amewarusha bata baharini kupitia roshani na kamwambia yule bwana wa taulo akitaka binti wa kuoa aseme. Sauti ziligonga kona ya korido.

Bwana Miwani aliuachia mkono.

Hakuusukuma. Aliuachia tu, haraka, akarudi nyuma hatua moja, akaingiza mikono mfukoni, na wasichana walipotokeza kwenye kona alikuwa anatazama kibao cha maelekezo ya kuzima moto.

Wakala aliutazama mkono wake, bado uko hewani pale ulipoachwa. Alivua miwani. Akamnyooshea.

"Chukua."

"Ni yako," alisema kwa sauti iliyokatika. "Nimeipima kwa macho yako. Haimfai mtu mwingine."

Wakala alibaki nayo mkononi, dunia yote ukungu, uso wa mwanaume ukungu. Kisha akaivaa tena, kwa sababu alihitaji kuona mlango. Akaweka kadi. Taa ya kijani.

"Usiku mwema, bwana," alisema. "Waambie mapokezi wakupe godoro."

Meli ilizunguka bandari zake, ikarudi. Wakala na Chiriku walikula meza ya nyuma ya nguzo mpaka mwisho. Siku ya pili Chiriku alipata bangili, maana Bibi alikwenda mapokezi akasema kuna mjukuu wake mwingine amesahaulika, na hakuna aliyethubutu kumuuliza zaidi. Bibi alilala na wajukuu zake. Bwana Miwani alilala peke yake kwenye kitanda kikubwa.

Baada ya hapo alikuja ofisini kwa Wakala mara moja tu, mchana, wateja wamejaa. Alisimama mlangoni, ameshika kitu kwenye mfuko wa karatasi. Aliitazama foleni, akarudi zake. Kilichokuwa kwenye mfuko hakikujulikana.

Duka lake bado lipo, na anapima macho vizuri. Hakuoa. Jumapili hafungui. Fundi viatu alihamia mtaa mwingine.

Mkubwa alimaliza masomo, sasa ni mwalimu. Kitinda na Chiriku ni marafiki mpaka leo, wanagombana kila wiki. Bibi alisafiri tena mwaka uliofuata na wasichana watatu, bila mkwe wake. Kabini aliwekewa na Wakala, mbili, zenye mlango wa kupitana, sitaha ya saba. Hakuwahi kumwambia Wakala kwamba anampenda. Alikuwa akimpigia simu kila Ijumaa kumuuliza kama amekula, hadi alipofariki, na kwenye mazishi Wakala alikaa na wanawake wa familia. Bwana Miwani alimwona kutoka upande wa wanaume. Alimwita "dada".

Wakala hakuolewa tena, ingawa alitakwa na watu wawili, mmoja wao nahodha. Bado anauza kabini. Namba hakosei. Miwani anaivaa ile ile, haina tatizo.